Neno la siri alilolitaja bosi

Mwenzangu uko wapi, mbona hupokei? Basi soma tu.

Bosi kaja mezani kwangu sasa hivi, kainama, kaniuliza polepole: "Kwani mimi mbea?"

MIMI MBEA! Na neno langu la siri la hifadhidata ni BosiMbea7. Sijamwambia mtu. Hata wewe sikukwambia!

Nikajua ni huyu jirani yangu wa meza, si unajua anavyochungulia. Nikamvaa. Akacheka mpaka akakohoa: "Dada, si unaliandika kwenye amri yenyewe ya kufungulia hifadhidata, baada ya jina la programu? Seva tunatumia wote. Yeyote akiomba orodha ya programu zinazoendeshwa anauona mstari wako mzima, na neno la siri humo humo. Sisi tunaliweka pembeni, nje ya amri, kwenye vigezo vya mazingira, programu inajisomea."

Haya, uzembe wangu. Lakini bosi hajagusa programu tangu aote mvi. Kwenye orodha hiyo alikuwa anatafuta nini?

Nikaifungua mwenyewe. Mstari wangu huo hapo, mbea na kila kitu. Chini yake mstari wa bosi: programu ya kunakili barua pepe, na mbele yake limeandikwa jina langu. Inaendeshwa siku ya kumi na tisa leo.

Kumi na tisa! Halafu ananiuliza mimi, "Kwani mimi mbea?"

Mwenzangu, ile barua yangu ya kuomba kazi hapo kwenu, wiki iliyopita, nilikutumia kutoka anwani yangu ya hapa ofisini.