Dada Yako Amepandikizwa Seli Zake Mwenyewe

Nyumbani, nyuma ya duka la kunyolea,
Jumapili, 14 Aprili.

Mpendwa Shemeji,

Hujambo huko uliko? Kazi zinakwendaje, na kile kifua kinachokusumbua kila baridi ikija? Sisi wazima, na safari hii nikisema wazima namhesabu na dada yako.

Najua umeninunia kwa kukaa kimya. Una haki. Lakini ningekuandikia nini wakati ngozi yake ilikuwa ngumu kama ya kiatu, pumzi inamwishia kwenye ngazi, na vidole vimekakamaa hata kufunga kifungo hawezi?

Ulisema utakuja utoe seli zako. Ahsante, lakini hatukuzihitaji. Ukoo mzima ulikosea kama wewe, ila wao hawakujitolea. Waliposikia "kupandikizwa", kila mmoja alihisi kisu ubavuni mwake, na wageni wakakatika. Baadaye walipoambiwa seli shina zilitolewa kwenye damu yake mwenyewe, zikagandishwa ili arudishiwe, wakafurika hospitalini. Wakati huo daktari alishapiga marufuku wageni.

Shida ilikuwa kinga yake ya mwili, iliyogeuka kumshambulia mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako, shemeji. Ilibidi waiangamize kwa dawa kali, kisha seli zile zijenge nyingine. Daktari hakutuficha kwamba wengine hufia kwenye tiba hiyohiyo. Mimi nilikataa. Dada yako akaniambia, "Wewe unaogopa kubaki peke yako. Mimi naogopa kubaki hivi." Akatia sahihi, kalamu ameibana kwa viganja viwili.

Nilimnyoa kabla dawa hazijamnyonyoa. Nimenyoa vichwa maisha yangu yote, na hicho ndicho nilichokinyoa polepole kuliko vyote. Kisha homa ikampanda, nikawa namtazama kupitia kioo cha mlango. Nililia, wala sioni aibu kukwambia.

Sasa unakaribia mwaka tangu arudishiwe seli zake. Kwa kuwa kinga yake ni changa, anachanjwa upya kama mtoto. Juzi kliniki nesi alimuuliza, "Mama, mtoto yuko wapi?" Akajibu, "Ndiye mimi." Daktari haapi kwamba amepona. Anasema ugonjwa umetulia, na mapafu yaliyoharibika hayatarudi yalivyokuwa. Ngazi bado anazipanda kwa kupumzika.

Mama mkwe anakusalimu. Yeye hakukosa hospitalini hata mlango ulipofungwa. Wapwa zako wanakuamkia, wanauliza mjomba atakuja lini. Mungu akulinde, akupe riziki isiyokuweka mbali nasi siku zote.

Nusura nifunge bahasha bila kukwambia hili. Jana nilimtania mbele ya wateja kwamba upara ulimpendeza kuliko nywele. Akanifinya mkono. Shemeji, vidole vile vilikuwa havikutani tangu ugonjwa ulipomshika. Paliuma kwelikweli. Nikampa na mkono wa pili.

Ni mimi akupendaye daima,
Shemeji yako, Kinyozi.