Mkono wa Somoe

Shikamoo Mama,

Niko Kitaya. Joto ni kali, ila mhogo na samaki wa mto ninavila vizuri.

Huku mkono una kazi nyingi: mto una mikono, kanzu ina mikono, na shamba hupimwa kwa mikono, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole. Mafuriko yamefuta mpaka kati ya shamba la mpunga la Mfaume, mkulima wa hapa, na la jirani yake. Shamba la Mfaume alilinunua marehemu baba yake kwa kipimo cha mkono wake mwenyewe, mikono mia mbili. Jana Mfaume alitaka kupima.

“Mkono wako mrefu, bwana, utanimalizia shamba,” jirani alimkatalia. “Wa mzee ulikuwa sawa na wa dada yako Somoe.”

Mfaume, anayelima peke yake tangu msiba, akamwita dada yake.

“Leo mkono wangu una faida?” Somoe alimuuliza. “Nitapima, kaka, ila na mimi nipewe haki yangu ya urithi wa baba, nusu ya fungu lako.”

Mfaume akakubali mbele ya jirani. Somoe akapiga magoti topeni. Mpaka wa jirani ulipopatikana hakuinuka. Aliendelea kupima fungu lake.

Kunywa dawa kwa wakati, Mama. Nakuombea afya.

Mwanao,
Rukia