Mbuni Hautaki Jua la Rweya

Nyanga, Bukoba
12 Oktoba 1972

Baba Georgina,

Barua yako nimeipata. Damian ameota jino la pili, ananiuma nikimnyonyesha.

Unasema miche ya mibuni uliyoing'oa msituni imekauka yote huko kijiji cha ujamaa, na bwana shamba anakucheka eti hukumwagilia. Siyo maji. Mbuni umezoea kuishi chini ya miti mikubwa. Ukiupanda kwenye rweya, penye majani matupu, jua linaumaliza. Huu wetu wa kibanjani uko kwenye kivuli cha migomba, na umejaa maua meupe mpaka harufu inaingia ndani.

Unataka nije Muleba na watoto wote wawili, Georgina aanze shule. Keti kwanza, mume wangu. Surua imemchukua Georgina, leo ni wiki ya pili. Tumemzika chini ya huo mbuni. Mama yako alisema, "Usimwandikie, atatupa jembe aje." Nimemtii mpaka nimechoka.

Sikulaumu. Lakini kuhama sihami, simwachi peke yake. Njoo umwone.

Majirani wameanza kuniita Mama Damian. Wewe usiniite hivyo.

Mkeo,
Mama Georgina