Nimemnyima Mbwa, Nikamchukulia na Mpishi

Mama,

Yule mwanamke wa Spring Valley amepiga simu. Alipiga kwenye namba yako, maana simu yako bado naichaji kila asubuhi. Anataka mbwa mwingine. Hakujua umefariki. Nilipomuuliza habari za Kahawa, tuliyemlea miezi minne hapa kwetu kabla hujamkabidhi kwake, alijibu kwa sauti ya mtu anayetafuna kitu: "Yule alipotea. Si unajua mbwa."

Alipotea! Mpishi wake, Mutheu, ndiye aliyekupigia akilia, akakwambia dereva ametumwa kumtupa Kahawa mbali kwa sababu anafukua maua. Nawe ukatoka na kifua chako kibovu, siku tisa mfululizo kwenye mvua, ukiita "Kahawa! Kahawa!" kando ya mitaro ya watu. Hukumpata. Daktari aliandika nimonia. Mimi ningeandika jina la yule mwanamke.

Basi nikamwambia karibu sana, mbwa yupo.

Kati ya mbwa uliokuwa ukiwalea, alikuwa amebaki Ndengu peke yake. Wale wengine watano nimewatafutia nyumba tangu tukuzike, kwa sababu mimi nashinda kazini mjini na hapa Woodley hakuna wa kuwaangalia. Ndengu ndiye aliyenishinda kumtoa. Alikuwa akilala juu ya slipa zako, nami sikuwa na moyo wa kuziondoa. Mwalimu mmoja mstaafu wa Muthangari alimtaka kweli kweli. Ana uwanja mkubwa na roho safi, lakini magoti yamemgomea, na hakuwa na mtu wa kumtembeza mbwa wala wa kumpikia yeye mwenyewe.

Jumamosi nikaenda Spring Valley kukagua. Mama, ungecheka. Amejenga kibanda cha mbwa chenye vigae, kizuri kuliko bafu letu. Amenunua mkanda mwekundu wa shingo, bakuli, hata blanketi. Nilikula vipande vitatu vya keki yake, nikasifu kila kitu, nikamwacha anitajie majina atakayompa. Nilifurahia. Sitakudanganya kwamba niliona aibu.

Kisha nikaomba kupita jikoni kama ulivyonizoesha. Ulikuwa ukisema mwenye nyumba atakuonyesha sebule, lakini anayepika atakuonyesha ukweli. Mutheu alinishika mkono kabla sijamaliza kumsalimia. "Usimpatie huyo mbwa, dada. Hata mimi natafuta mahali pa kuenda." Papo hapo nikamkumbuka mwalimu na magoti yake.

Mwisho wa mwezi Mutheu alifunga virago akahamia Muthangari kumpikia mwalimu, na siku hiyo hiyo nikampeleka Ndengu huko huko. Jioni nikampigia mwanamke wetu, nikamwambia mbwa hapati. Akauliza mbona, na ameshanunua kila kitu. Nikamwambia hata Kahawa alikuwa na kila kitu, na aliyemtafuta kwenye mvua tumemzika Machakos. Akasema, "Lakini mimi sikujua." Nikamjibu kwamba sasa amejua, na ajipikie chai, maana mpishi wake pia nimemchukua mimi. Nikakata.

Utamu wake, Mama! Nilizunguka nyumba nzima nikiimba.

Sasa nikwambie ya Ndengu. Nilipomfungua kamba alimkimbilia Mutheu, akanusa aproni yake, wala hakugeuka. Nilisimama langoni nikingoja alie, hata kidogo tu. Hakulia. Wewe ulizoea kusema mbwa asipogeuka ujue umempatia mwenye kumfaa. Nilijua hivyo, na bado iliniuma kama nini.

Wimbo ulipoisha nikaziona slipa zako ziko peke yao sakafuni. Nikaziokota, nikaketi nazo, nikagundua hasira yangu haijaisha. Iliyobaki ni yako. Nilikwambia tungoje mvua ipungue, nikakushika koti hapo mlangoni. Ukasema, "Mvua haijawahi kuua mtu," ukanibandua vidole, ukaenda. Ulimfuata mbwa ukaniacha mimi, Mama. Nimelia mbele ya watu wote waliokuja matangani, na hilo sijamwambia hata mmoja.

Kwaheri, Mama. Yule mwanamke sijamsamehe na sina haraka. Nitakusamehe wewe kwanza, nakuahidi. Yeye apange foleni nyuma yako.

Mwanao,
Mwende