Kichwa Kilicho Kwenye Chupa

Mwanza, Jumatano

Mama yangu,

Shikamoo. Goti la baba linaendeleaje na ule mteremko wa shambani? Tangawizi mmeshavuna? Mimi ni mzima wa mwili, ila simu yako ya Jumapili imeninyima usingizi.

Ulifurahi sana. Umeona picha yangu kwenye chupa ya mafuta ya nywele sokoni Same, ukanitambua kwa kovu la paji, ukamnunulia mdogo wangu Neema, na ukawatangazia wanakwaya wenzako kwamba mwanao amepona upara. Mama, chupa ile ina vichwa viwili: cha kushoto, chenye upara, ni changu. Cha kulia, chenye nywele, ni cha mwanamke mwingine.

Nywele ziliponitoka utosini, daktari wa ngozi alinipa dawa ya kupaka asubuhi na jioni. Alinionya kwamba mwanzoni zinaweza kupukutika zaidi, nivumilie miezi kadhaa. Zilipopukutika, bosi wangu wa saluni akanipiga picha. "Ya kumbukumbu tu," alisema. Muda si mrefu nikajiona kwenye chupa za mafuta anayouza. Akanivalisha kilemba, akaniagiza wateja wakiuliza niseme nimepona. Nilisema, mama. Niliogopa kufukuzwa. Na vichwa vyao vilivyochubuka nilikuwa naviosha mwenyewe.

Baada ya simu yako nilimwomba aiondoe ile picha. "Hata mama yangu mzazi ameamini," nikamwambia.

Akacheka. "Basi wewe nani atakusikiliza?"

Nikavua kilemba mbele ya wateja. "Dada zangu, nitazameni. Haya mafuta yanachubua, hayaoteshi kitu."

Mama mmoja aliyekaa kwenye draya akanikagua utosi, kisha akamgeukia bosi. "Huyu ni mvivu wa kupaka. Mimi nipe mbili."

Wakacheka wote. Bosi akanionyesha mlango, na sijarudi.

Neema aoshe kichwa leo hii, asingoje vidonda. Wanakwaya nao waambie ukweli. Najua utaona aibu, lakini waambie.

Nisalimie baba, na shangazi anayeuza ndizi stendi. Bibi mzaa baba, aliyekuwa akinisuka kila Jumamosi, usimwambie lolote. Akiuliza, sema zimerefuka, siku hizi zinafika mabegani.

Ni mimi binti yako,
Namsifu