Miguu Niliyoificha Kwenye Laptop

Alhamisi, saa tisa mchana. Jua limewaka tangu asubuhi baada ya siku tatu za mvua, na hapa mtaani Sarang'ombe kila mtu ametoa godoro nje. Mimi niko ndani na laptop. Nguo zangu zinanuka ubani kiasi kwamba jirani ameniuliza kupitia dirishani kama naolewa.

Siolewi. Nina wivu.

Nimeliandika hilo neno na kulifuta mara tatu kabla ya kuliacha. Nilijaribu "nimechoka". Nikajaribu "nahisi sithaminiwi", maneno ya watu wa semina. Ukweli ni kwamba roho inaniuma nikimwona rafiki yangu akisifiwa, na wiki hii imeniuma mpaka nikafanya jambo baya. Kesho saa nane tunawasilisha kazi, kwa hivyo lazima niamue leo.

Mimi na Hawa tunasomea video kwenye chuo kidogo kule Kawangware, ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi. Tumekuwa marafiki tangu darasa la tano. Muhula huu kila kundi lilipewa kazi ya kutengeneza video ya wimbo wa mwanafunzi, pamoja na bango la kuutangaza na picha ya jalada. Kundi letu lina watu watatu. Brayo, mzaliwa wa Kawangware, ndiye anayeimba. Hawa anaongoza. Mimi napiga picha na kuhariri, kwa sababu laptop ni yangu na hao wawili hawawezi kukaa kitako dakika kumi.

Wimbo wenyewe unaitwa "Miguu ya Mama". Brayo aliutunga juu ya mama yake, ambaye kwa miaka alikuwa akitoka Kawangware kwa miguu kwenda kuwafulia watu nguo, na kurudi kwa miguu. Tulipiga picha asubuhi na mapema: miguu ya akina mama ikikanyaga matope, ikiruka mitaro, ikisimama kando ya barabara kungoja magari yapungue. Zilikuwa picha nzuri. Shida ni kwamba video haikuwa na mwisho. Miguu inatembea, inatembea, halafu wimbo unaisha.

Mwisho aliupata Hawa. Tulikuwa tunakula soseji za smokie nje ya chuo, kachumbari ikimdondokea mkononi, akasema hivi hivi tu, "Si mwishoni hiyo miguu idance?"

Nilijua papo hapo kwamba ni wazo zuri. Nilijua pia kwamba mimi, niliyekuwa nimeitazama ile miguu wiki mbili mfululizo, sikuwa nimelifikiria.

Hawa ni Mnubi, kwao ni mtaa wa Makina, na wiki hiyo dada yake alikuwa anaolewa. Kwenye harusi zao akina mama hucheza ngoma yao ya doluka wakiwa peke yao, na hawataki mwanamume wala kamera pale. Hawa alimbembeleza nyanya yake siku mbili. Nyanya akakubali kwa masharti. Anayepiga picha awe msichana. Asionyeshe uso wa mtu, ni miguu tu na pindo za nguo. Na picha zikae kwenye mashine moja, ya huyo msichana, zisitumwe kwa simu wala kuwekwa kwenye flashi, mpaka akina mama waione video iliyokamilika.

"Huyu Nafula ni mtoto wa hapa," nyanya aliwaambia wenzake. Nafula ndiye mimi. "Amekula kwangu tangu akivaa sare ya shule ya msingi."

Basi niliingia. Nilipiga magoti uani, kamera karibu iguse vumbi, ngoma ikilia juu ya kichwa changu. Kulikuwa na miguu iliyopakwa hina, visigino vilivyopasuka, kidole kimoja kilichofungwa bendeji, na vyote vilicheza. Nilipiga kwa ile kasi ambayo ukiipunguza baadaye kila kitu kinakwenda polepole bila kukwamakwama. Nilibaki na sekunde ishirini na mbili. Nikakaa siku mbili nikipanga kila mguu utue sawasawa na ngoma ya wimbo wa Brayo. Mguu wa nyanya ndio wa mwisho. Unatua, pindo linashuka, wimbo unaisha.

Wiki iliyopita mwalimu alikuja kuitazama video kwenye laptop yangu. Ilipoisha aliirudisha nyuma, akautazama mwisho tena.

"Nani alikuja na hii idea ya miguu kudance?"

Brayo alimwonyesha Hawa kwa kidole. Na mimi pia nilimwonyesha, ningefanyaje? Mwalimu akasema, "Hawa, wewe ni director kabisa," akaandika kitu kwenye daftari lake. Sote tunajua maana ya lile daftari. Kampuni moja ya video itamchukua mwanafunzi mmoja kwa mafunzo ya miezi mitatu, na mwalimu ndiye atakayechagua, akishaona kazi za kesho.

Hakuna aliyeuliza ni nani aliyepiga magoti.

Nataka kusema ukweli wote hapa, maana nikianza kuchagua cha kusema nitajipaka mafuta. Hii haikuanza juzi. Shule ya msingi, insha zilizosomwa mbele ya darasa zilikuwa za Hawa, nami nilikuwa nimemsaidia kufuta makosa. Anaingia mahali watu wanageuka. Halafu hana maringo hata kidogo. Angekuwa na maringo ningepata pa kumshika, nikamchukia kwa raha zangu. Badala yake ananiletea mandazi ya kwao, nami nayala huku nimenuna moyoni.

Jumatatu stima ilipotea nikiwa nahariri na laptop, ambayo betri yake ilikufa zamani, ikazimika. Stima iliporudi nikaiwasha. Kila kitu kilikuwa salama.

Nikawaandikia kwenye grupu kwamba folda ya harusi imeharibika na haifunguki.

Sikuifuta, sikuwa na ubavu wa kufanya hivyo. Niliihamishia ndani ya folda nyingine niliyoiita "Notes za zamani", nikabadilisha mwisho wa video. Sasa ilimalizikia kwa Brayo akitembea kutuonyesha mgongo, kama video zote ulizowahi kuona. Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Miguu isipokuwepo, hakuna wazo la Hawa. Kutabaki picha safi na uhariri safi, na hizo ni kazi zangu. Na kwa kuwa nyanya alikataza picha zisiwe na nakala, hakuna mtu ambaye angenitolea nyingine.

Brayo alituma emoji ya kulia, kisha akauliza, "So poster sasa itakuwa aje?" Bango letu lilikuwa na ile miguu yenye hina. Nikamtengenezea lingine, yeye akiwa na miwani ya jua, ameegemea mabati. Akalipenda kupita kiasi. "Manze hii sasa ndiyo poster. Ile ya miguu ilikaa tangazo la mafuta ya kujipaka." Baada ya dakika tano alikuwa ameliweka kwenye profaili yake.

Hawa alikuja hapa kwangu mwenyewe. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, na niseme ukweli, niliutaka. Angenifokea kwamba nimezembea, nami ningemjibu yote ya tangu darasa la tano. Aliketi kitandani, akavua viatu, akanitazama usoni.

"Woiye, Nafu. Na vile umekesha na hiyo kazi. Uko sawa lakini?"

Alinihurumia! Nilimwambia niko sawa. Nilimchukia wakati huo kuliko siku nyingine yoyote.

Leo asubuhi Hawa akanipigia simu kwamba nyanya ananiita Makina, niende na laptop. Nilijua naenda kugombezwa kwa kupoteza amana ya akina mama. Nikavaa sketi ndefu, nikaenda kama mtu anayeenda kwa chifu.

Nyanya alikuwa ameketi uani, mbele yake chetezo chenye makaa mekundu. Hakunigombeza. Alisema amefikiria jambo hili siku tatu na hii si kazi ya stima.

"Stima inapotea hapa kila siku," alisema. "Mbona friji yangu haijaharibika? Kuna mtu amewaonea wivu. Amewatupia jicho."

Laptop ikawekwa juu ya kile kifuniko cha chakula cha rangi rangi ambacho husuka mwenyewe, na mimi nikaambiwa nichuchumae karibu na chetezo. Akanifunika shuka kuanzia kichwani. Akatia ubani. Ndani ya ile shuka hakukuwa na hewa, kulikuwa na mimi na moshi, na sauti ya nyanya ikisoma dua upande wa nje, akiomba nilindwe na kila mwenye husuda.

"Wewe ndiye umelengwa zaidi," akaniambia alipomaliza kusoma. "Maana mikono ni yako. Huyu Hawa yeye ni kuongea tu. Aliyekaa kwenye vumbi ni wewe. Nilikuona."

"Ni ukweli, Nyanya," nikamsikia Hawa akicheka. "Bila Nafu sisi hatuna video."

Haya ndiyo maneno niliyoyataka. Niliyangoja darasani, niliyangoja kwenye grupu, niliyangoja miaka yote. Nimeyapata nikiwa nimechuchumaa chini ya shuka, nafukizwa ili nikingwe na wivu wangu mwenyewe.

Nilifungua mdomo niseme. Nakuapia nilifungua. Moshi ukaingia, nikaanza kukohoa, nikakohoa mpaka kamasi ikanitoka, na nyanya akanipigapiga mgongoni kwa furaha. "Kohoa, mwanangu, kohoa. Kinatoka hicho."

Tukinywa chai baadaye, wakaanza kutafuta mwenye wivu ni nani. Hawa akamtaja Sharon wa kundi la pili, kwamba siku hizi anauliza maswali mengi kuhusu video yetu. Sharon aliniuliza mimi ni lenzi gani nilitumia, basi, na akaandika jibu kwenye kitabu chake kwa adabu. Nyanya akasema tujihadhari naye, tusile kitu chake. Nami nilikuwa na andazi mdomoni. Nikatafuna.

Nilipofika nyumbani nilifungua "Notes za zamani". Bila shaka ilifunguka. Nikarudisha ile miguu mahali pake. Nilikuwa sijaitazama tangu Jumatatu, na nilipoona mguu wa nyanya ukitua nikajua kwamba bila hizo sekunde ishirini na mbili nilikuwa natuma kazi ya kawaida kabisa. Nilikuwa tayari kuiharibu kazi bora niliyowahi kufanya, mradi tu Hawa asipate.

Saa nane akapiga simu. "Imefunguka?"

Nikasema imefunguka.

Alipiga kelele, kisha nikasikia vigelegele kutoka Makina, si chini ya wanawake watatu. Nyanya akanyang'anya simu. "Si nilikwambia?" Nikamjibu, "Uliniambia, Nyanya." Hawa akarudi kwenye laini akasema kesho asubuhi wataiona kwanza akina mama, kisha tutaipeleka Kawangware pamoja. Akasema pia kwamba Sharon akome.

Nimekaa hapa saa nzima nikiona jinsi mambo yalivyojipanga vizuri. Ubani umefanya kazi yake. Video imepata mwisho wake. Hakuna anayejua, na hakuna atakayejua, na mimi nimetoka safi. Ni Sharon tu atakayebaki akinyimwa salamu mpaka tumalize chuo, asijue kwa nini. Ninachotakiwa kufanya ni kunyamaza, na kunyamaza nakuweza.

Nimerudisha pia bango la miguu. Brayo ameona ujumbe wangu, hajajibu. Nilipokuwa naandika majina chini ya bango nikaliongeza langu ukubwa kidogo tu, jicho lisingeona. Nikalirudisha. Nikaliongeza tena. Hivyo ndivyo nilivyo leo hii, hata baada ya kufukizwa.

Sasa majina yamelingana. Nimeyapima kwa rula ya programu.

Hawa, wewe ndiye msomaji wa kwanza wa kila ninachoandika kwenye blogu hii. Unasoma hata kabla sijarekebisha makosa. Kwa hivyo ukifika hapa: folda haikuharibika. Niliificha mimi, Jumatatu, nikiwa na akili zangu timamu. Sharon hana kosa lolote, mpe salamu yake. Nyanya nitamwambia mwenyewe kesho, mbele ya akina mama, kabla hawajaitazama video, na wakiamua picha zao zitoke basi zitatoka na nitamweleza mwalimu sababu. Nimeandika hapa kwa sababu ukinipigia simu na ile sauti yako nitakudanganya tena.

Ukichaguliwa, nitapiga makofi na roho itaniuma. Hilo sijaweza kulitoa, na sitaki kukuahidi nisichokuwa nacho. Njoo unifokee. Sema yote, tangu darasa la tano.

Usinihurumie tu.