Jina Nililotaja Dirishani

Shoga, leo nimeumbuka.

Nimemsindikiza shemeji kupima damu. Si unajua ile kansa yake ya tezi dume bado ni ndogo, hawaitibu, wanaifuatilia tu kwa vipimo.

Muuguzi wa dirishani akauliza, "Mgonjwa anaitwa nani?"

Nikataja jina la marehemu mume wangu. La marehemu, shoga! Shemeji kasimama hapohapo ubavuni!

Ugonjwa uleule, dirisha lilelile, ulimi ukaenda wenyewe.

Akacheka. "Shemeji, usinizike mapema. Kaka alichelewa, mimi nimewahi."

Majibu mazuri, haijakua. Nikamshukuru Mungu.

Njiani akaniuliza taratibu, "Hivi kaka alianza kusikia nini mwilini?"

Nikamwambia sikumbuki.

Nakumbuka kila kitu, shoga.